Tilapia wa Magadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu samaki wa chemchemi za maji moto

Wengi huenda Magadi kuwatazama flamingo, kupiga picha kwenye gamba la waridi na kujichovya katika maji moto, kisha hurudi Nairobi bila kujua kwamba kando ya miguu yao aliogelea samaki ambaye asili yake ni hapo tu. Ukurasa huu ni wa samaki huyo. Nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, wageni na watu wanaoishi karibu na ziwa, nikayajibu kadiri inavyofaa. Mengine ni ya sentensi mbili, mengine hayajibiki kwa ufupi.

Kuna samaki kweli katika Ziwa Magadi? Si chumvi tupu?

Wapo, ila usiwatafute katikati ya ziwa. Ziwa Magadi liko Kaunti ya Kajiado, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, si mbali na mpaka wa Tanzania, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Sehemu yake kubwa haina maji ya kuogelea. Ni gamba gumu la magadi, jeupe huku, la waridi kule, ambalo limejirundika kwa maelfu ya miaka hadi kufikia unene wa makumi ya mita. Hakuna mto wa kudumu unaoingia, wala hakuna unaotoka. Jua hukausha maji kwa kasi kuliko mvua inavyoyaleta.

Uhai uko pembezoni. Maji moto huchomoza kwenye miamba, yakatiririka kwa vijito vyembamba, vingine unavivuka kwa hatua moja, kisha yakatuama katika vidimbwi na mabwawa kabla ya kufika kwenye gamba. Ukanda huo mwembamba ndio makao yote ya samaki huyu. Mbele yake kuna gamba, nyuma yake kuna maji ya kuunguza.

Anaitwaje, na anafananaje?

Ni tilapia, au perege kama wengine wanavyomwita. Jina lake la kisayansi ni Alcolapia grahami. Mtaalamu wa samaki Boulenger ndiye aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza, mwaka 1912, na wapo wataalamu wanaomweka katika kundi la Oreochromis pamoja na tilapia tunaowafuga.

Usitarajie kumwona mkubwa kama yule wa sokoni. Wengi hawafiki sentimita 10, na katika chemchemi zenye joto kali hata aliyekomaa ni mdogo zaidi ya hapo. Hula hasa mwani na bakteria wa kijani-buluu wanaotanda juu ya mawe, na wadudu wadogo wa majini akiwapata. Dume huchimba kishimo kwenye tope la chini na kukilinda kwa ukali. Jike akishataga huyakusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo mpaka vifaranga waweze kujitegemea. Ukichuchumaa bila kutupa kivuli chako majini, katika dimbwi lenye maji maangavu utaviona vishimo hivyo vikiwa vimekaribiana, kila kimoja na mwenyewe, na madume wakitimuana pale mipaka inapokutana. Samaki mdogo akikatiza hupigiwa mbio hadi atoke.

Anawezaje kuishi katika maji ya namna hiyo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu, kwa sababu maji haya yanamletea samaki matatizo manne kwa mpigo.

La kwanza ni joto. Kuna chemchemi za Magadi zinazotoka zikiwa na zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi. Humo hakuna samaki anayeishi. Lakini maji yakishapoa kidogo njiani, samaki huyu huingia. Katika chemchemi za kusini-magharibi mwa ziwa anaishi kwenye maji yanayofika nyuzi 43 mchana. Watafiti waliompima hapo walichapisha matokeo mwaka 2016: kasi ambayo mwili wake unatumia oksijeni na nguvu ndiyo ya juu kabisa kuwahi kupimwa kwa samaki, kiwango kinachokaribia cha mamalia wa ukubwa wake. Kwa maneno mengine, anaishi kwa gharama kubwa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

La pili ni ukali wa magadi yenyewe. Maji yana pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ambacho katikati yake ni 7, inayokaribia 10. Samaki wengi huondoa taka ya nitrojeni mwilini kama amonia, ambayo hupenya kwenye matamvua na kupotelea majini. Ili itoke vizuri, tabaka jembamba la maji linalogusa matamvua hutakiwa kuwa na asidi kidogo, liinase amonia isirudi ndani. Kwenye magadi asidi hiyo huzimwa mara moja, na amonia hubaki mwilini ikawa sumu. Tilapia wa kawaida ukimtia humo hufa upesi. Huyu wa Magadi amepata njia nyingine: hugeuza taka hiyo kuwa urea, kama tunavyofanya sisi binadamu, na kuitoa kupitia matamvua. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1989 na ikawashangaza wanabiolojia, kwani samaki wa mifupa anayeishi majini wakati wote hakutarajiwa kutegemea urea kabisa. Kutengeneza urea kunahitaji nguvu nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mwili wake kuchoma chakula kwa kasi ile.

La tatu ni kiu. Maji yanayomzunguka yana chumvi nyingi kuliko damu yake, kwa hiyo mwili hupoteza maji kila dakika na hana budi kunywa. Hapo pana hatari, maana tumbo lake lina asidi ya kusagia chakula, na maji ya magadi yangeiharibu kila anapopiga funda. Umbo lake la ndani limelitatua jambo hilo kwa namna ambayo mimi huistaajabia kuliko mengine yote: umio, tumbo na utumbo hukutana mahali pamoja kama njia panda. Chakula kinakata kona kwenda tumboni. Maji yanapita moja kwa moja hadi kwenye utumbo bila kuligusa tumbo.

La nne ni hewa. Mchana bakteria wa kijani-buluu hupigwa na jua wakatoa oksijeni hadi maji yanaijaa kupita kiasi. Usiku bakteria hao hao huivuta, na kufikia alfajiri imebaki kidogo sana au haipo. Wakati huo utawaona samaki wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wakimeza hewa. Miaka ya 1990 mwanasayansi Mkenya John Maina na wenzake walionyesha kwamba kibofu chao cha hewa, ambacho kwa samaki wengi ni cha kuelea tu, kina mishipa mingi ya damu na kinaweza kuvuta oksijeni kama pafu la namna fulani. Matamvua nayo yana ngozi nyembamba mno, ili hata oksijeni kidogo iliyomo majini isipotee.

Kama ana uwezo wote huo, mbona anahesabiwa kuwa hatarini?

Kwa sababu tunachanganya mambo mawili. Kustahimili mazingira magumu si sawa na kustahimili mabadiliko. Samaki huyu ameumbika kwa maji haya, na mengi ya yale tunayoyasifu ni madeni anayoyalipa kila siku ili aendelee kuwa hai. Nguvu zake karibu zote zimeshatumika. Hana akiba.

Chukua joto. Watafiti wale walipima pia ni wapi samaki huyu hushindwa kabisa, na kiwango cha juu walichokipata ni nyuzi 45.6. Anaishi kwenye 43. Tofauti ni nyuzi mbili na nusu hivi. Samaki wa mtoni maji yakipata joto huenda kwenye kina au chini ya kivuli cha miti. Kwenye kijito chenye kina cha kifundo cha mguu, juu ya mwamba mweusi usio na mti hata mmoja, hakuna pa kukimbilia ila kando kando, na huko kando maji yakipungua panakuwa gamba.

Kisha angalia eneo lenyewe. Ukijumlisha vidimbwi vyote vyenye samaki, unapata kipande kidogo sana cha ziwa ambalo nalo lina takriban kilomita za mraba 100 tu. Chemchemi moja ikikauka, ikifukiwa au ikielekezwa kwingine, kundi zima la hapo linakwisha, na wenzao wa chemchemi ya pili hawawezi kuvuka gamba kuja kujaza nafasi. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, limemweka katika Orodha Nyekundu, kwenye kundi la spishi zilizo hatarini kuangamia zikiachwa hivi hivi. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kwanza la kumweleza mtu yeyote kuhusu Magadi, kabla ya urea na kabla ya flamingo.

Walifikaje hapo?

Hawakufika; ziwa ndilo lililowabadilikia. Miaka 10,000 hivi iliyopita hali ya hewa ilikuwa na mvua zaidi, na bonde hili lilifunikwa na ziwa kubwa lenye kina ambalo wanajiolojia wanaliita Orolonga. Lilienea hadi eneo la leo la Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Mabaki ya samaki yaliyogeuka mawe yamepatikana kwenye tabaka za udongo wa zamani kando ya Magadi, na samaki hao walikuwa wakubwa kuliko hawa wa leo. Mvua ilipopungua ziwa lilinywea, chumvi ikazidi, na waliobaki ni wale waliokuwa karibu na chemchemi na ambao miili yao iliweza kufuata mabadiliko hayo kizazi baada ya kizazi. Kwa kipimo cha mageuko ya viumbe, huo ni muda mfupi mno.

Samaki wa kila dimbwi ni walewale?

Ni spishi moja, lakini si kundi moja. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha tofauti za wazi kati ya samaki wa bwawa liitwalo Fish Springs, wale wa chemchemi za kusini-magharibi, na wale wa Magadi Ndogo, yaani Nasikie Engida, kiziwa kilichoko kaskazini-magharibi mwa ziwa kuu. Mtafiti Geraldine Kavembe na wenzake wamelichunguza jambo hili kwa undani katika kazi walizochapisha kuanzia mwaka 2014, wakaona kwamba makundi haya yanatofautiana hata umbo. Wapo walionenepa na wapo waliokonda, kulingana na chakula na ugumu wa maji ya mahali pao.

Maana yake kwa uhifadhi ni kubwa. Mtu akisema “hata kijito hiki kikienda, samaki wapo kule”, amekosea. Waliopo kule ni wengine.

Maji ya vijito hivi yanatoka wapi, na yanaweza kuisha?

Ni maji yaliyozama ardhini, yakapita kwenye miamba ya volkano iliyo moto chini ya Bonde la Ufa, yakayeyusha madini njiani na kurudi juu kupitia nyufa. Safari hiyo ni ndefu, ndiyo sababu chemchemi hizi hazikauki mara tu kiangazi kinapoanza. Lakini kuchelewa si kutokuisha. Visima virefu vikichimbwa kwa wingi nyanda za juu, au mvua zikikosekana miaka mingi mfululizo, athari zinaweza kuonekana baadaye sana, wakati ambapo hakuna anayekumbuka chanzo chake.

Jotoardhi nalo linahitaji uangalifu. Ni nishati safi na Kenya imenufaika nayo sana kule Olkaria. Hata hivyo, kuvuna mvuke kunaweza kushusha msukumo wa maji chini ya ardhi. Kule Wairakei, New Zealand, bonde lililokuwa mashuhuri kwa maji moto yanayoruka angani lilinyamaza baada ya kituo cha umeme kuanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Sisemi hayo yametokea Magadi. Ila kabla ya kisima chochote cha mvuke kuchimbwa karibu na ziwa hili, chemchemi zinafaa kupimwa kwanza: zinatoa maji kiasi gani, yana joto gani, yana pH gani. Bila vipimo vya mwanzo hatutaweza kuthibitisha kwamba kitu kimeharibika.

Na uchimbaji wa magadi je? Unawadhuru?

Magadi yamechimbwa hapa tangu 1911, ilipoanzishwa Magadi Soda, kampuni ambayo leo ni Tata Chemicals Magadi. Reli ilijengwa kutoka Konza kwa ajili hiyo, na mji wa Magadi upo kwa sababu ya kiwanda. Kwa zaidi ya karne moja samaki na uchimbaji vimekuwa katika ziwa moja, kwa hiyo si haki kusema kwamba kuchimba gamba kwenyewe ni kumuua samaki. Gamba si makazi yake.

Hatari huanza pale kazi inapogusa ukanda wa pembezoni. Tuta likijengwa mbele ya kijito, maji hutuama na kuzidi chumvi. Barabara ikikatiza chemchemi, upande mmoja hukauka. Mtaro ukipitisha maji machafu hadi kwenye dimbwi lenye samaki, wao hawana kona ya kujificha. Haya ni mambo ya mita chache, na mara nyingi yanaweza kuepukwa kwa kuusogeza mradi kidogo tu, ilimradi aliyechora ramani alijua kwamba kulikuwa na samaki.

Mifugo inayokuja kwenye chemchemi inaharibu?

Kidogo, na mahali pamoja pamoja. Kwato zikikanyaga kijito chembamba kila siku hutibua tope na kuvunja vishimo vya kuzalia. Lakini Wamaasai wamelisha mifugo hapa vizazi vingi na samaki wapo, kwa hiyo nisingeanzia hapo kutafuta wa kulaumiwa.

Samaki huyu huliwa?

Si samaki wa kitoweo. Ni mdogo mno, na kwa jadi Wamaasai si wavuvi. Wanaomla kwelikweli ni ndege: mwari, korongo na wengine wanaovizia kwenye kina kifupi. Katika ziwa ambalo lina chakula kingi cha flamingo lakini halina samaki mwingine, yeye ndiye anayewafanya ndege wala samaki wawepo.

Nimesikia wapo pia Nakuru. Basi si wapo salama?

Umesikia kweli. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 samaki hawa walichukuliwa Magadi wakapelekwa Ziwa Nakuru, ambalo nalo ni la magadi lakini halikuwa na samaki. Nia ilikuwa kupunguza mbu, kwamba samaki watakula viluwiluwi. Walizaliana kupita matarajio, na haikuchukua muda mwari wakaanza kuja kwa maelfu kuwala, wakiruka kila siku kutoka kwenye viota vyao vya Ziwa Elementaita. Ziwa zima likabadilika sura kwa sababu ya samaki mdogo aliyeletwa kwa kazi nyingine.

Ila Nakuru haiwezi kuwa ghala la kumhifadhi. Samaki waliopelekwa hawakubeba tofauti zote za makundi ya Magadi niliyoyaeleza juu. Wameishi huko miongo mingi katika maji yasiyo na joto lile, na vizazi vyao vimechaguliwa na mazingira mengine. Zaidi ya hayo, maji ya Nakuru yamepanda sana tangu mwaka 2010 hivi, ukali wa magadi umepungua, na tilapia wa aina nyingine wameingia. Jamaa ya Oreochromis huzaana wao kwa wao kwa urahisi. Tanzania kuna tilapia wa asili ambao damu yao imechanganyika na ya sato wa Nile aliyeletwa kwa ajili ya ufugaji. Aliyechanganyika si yule tuliyetaka kumhifadhi.

Basi kwa nini wasifugwe kwenye matangi, chemchemi zikiharibika warudishwe?

Ufugaji wa tahadhari una nafasi yake, na watafiti wamekwisha kuwaweka samaki hawa maabara. Lakini warudishwe wapi? Chemchemi ikishakufa huwezi kuitengeneza. Na samaki aliyezaliwa kwenye tangi lenye joto la wastani, kizazi cha tano au cha sita, hatakiwi tena kustahimili yale ambayo babu zake walistahimili. Fedha na juhudi ziende kwanza kwenye maji.

Natron kuna samaki wa namna hii?

Kuna ndugu zake watatu. Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, lina Alcolapia alcalica, Alcolapia latilabris na Alcolapia ndalalani. Wawili wa mwisho walielezwa kisayansi mwaka 1999 tu, na tofauti yao kubwa iko kwenye midomo, kwa kuwa kila mmoja hukwangua chakula kwa namna yake. Jambo la ajabu ni kwamba Natron utawakuta zaidi ya spishi moja katika bwawa moja, ilhali Magadi ina moja tu.

Natron hupata maji ya chemchemi na pia ya Mto Ewaso Ng'iro wa kusini, unaoanzia milima ya Mau nchini Kenya. Kwa hiyo miti ikikatwa Mau, au bwawa likijengwa katikati ya mto huo, jambo hilo linawahusu samaki wa Tanzania. Mto haujui mpaka, lakini vibali vyetu hutolewa kana kwamba unaujua.

Sheria inamlinda?

Kwa kiasi, na kwa njia ya kuzunguka. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kupewa kibali na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na Sheria ya Maji ya 2016 nazo zina vifungu vinavyoweza kutumika. Pengo liko kwenye eneo lenyewe. Kenya ina maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa yaliyomo katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu: Nakuru tangu 1990, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elementaita. Tanzania ina Natron tangu 2001. Magadi haimo.

Ningependa kuona Magadi ikiingizwa, au angalau chemchemi zake zenye samaki zichorwe kwenye mipango ya ardhi ya kaunti, moja moja, kwa mipaka inayojulikana. Kuzilinda si kulifunga ziwa wala kumnyima mtu kazi. Ni sehemu ndogo sana ya ardhi.

Nikienda Magadi, nifanye nini nisiwadhuru?

Chukua kijana wa pale akuongoze. Anajua ni wapi gamba ni jembamba, usije ukatumbukia, na anajua dimbwi lipi lina samaki na lipi huingiwa na watu. Ukitaka kujichovya, jichovye kwenye lile ambalo wenyeji wanalitumia, bila sabuni, bila shampuu, na kama umejipaka mafuta ya kuzuia jua yafute kwanza. Dimbwi dogo halina mkondo wa kuondoa povu lako.

Usiwashike wala kuwaweka kwenye chupa. Mwili unaochoma nguvu kwa kasi ile humaliza oksijeni ya chupa mara moja. Usiwahamishe kutoka kijito hadi kijito, hata kama unaona unawaokoa na maji yanayokauka. Umeshasoma kwamba si kundi moja. Na tafadhali, usilete samaki wa nyumbani kuja kuwajaribu. Usigeuze mawe ya kijitoni ili upate picha, kwa sababu mwani ulio juu yake ndio malisho, na chini ya maji hayo yenye kina cha kiganja kuna vishimo vya kuzalia usivyoviona ukiwa umesimama.

Ukitaka kuwatazama, fika mapema kabla jua halijawa kali, kaa chini, na uvae kofia. Wengi huja saa sita mchana, wakaunguzwa na jua na kuondoka baada ya dakika kumi.

Nikiona chemchemi imekauka, au samaki wengi wamekufa, nimwambie nani?

Piga picha inayoonyesha mandhari, si samaki peke yake, ili mahali pajulikane. Andika tarehe, saa na alama za mahali kutoka kwenye simu yako. Angalia kama maji yana rangi au harufu isiyo ya kawaida, kama kuna mtaro, tuta au alama za magari karibu, na kama ndege waliopo wanakula mizoga au wanaikwepa. Usiuchukue mzoga kwa mikono mitupu.

Kisha toa taarifa kwa ofisi ya NEMA ya Kajiado au kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na umjulishe chifu wa eneo, ambaye mara nyingi ndiye atakayefika kwanza. Samaki hufa pia kwa sababu za kawaida, kwa mfano usiku ambao oksijeni imekwisha kabisa, kwa hiyo eleza ulichokiona bila kuongeza hukumu. Picha ya kijito hicho hicho ikiwa kizima, iliyopigwa mwaka mmoja au miwili nyuma, itasaidia kuliko maelezo marefu. Kama unayo kwenye simu, itume pamoja na hiyo mpya.